Akina mama wameacha kuja kwenye siku ya lishe ya kijiji chetu: nifanye nini ili warudi?

Mhudumu wa Kilimani

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe, na huu ni mwaka wangu wa tano katika kazi hii. Kila baada ya miezi mitatu huwa tunafanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Tunawapima watoto uzito, tunawazungushia mkononi ule utepe wa rangi tatu, kisha tunawasha moto nyuma ya ofisi ya kijiji na kupika pamoja chakula cha mtoto kwa vitu vinavyopatikana hapahapa. Bajeti hatuna, hata chumvi huwa natoa nyumbani kwangu.

Mwezi Novemba walikuja akina mama 46. Mwezi Februari walikuja 9, na wawili kati yao walikuwa wakipita tu kuelekea zahanati.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba huku kwetu chakula kipo. Katika nyumba nyingi nilizopita mwezi huohuo wa Februari nilikuta magunia ya mahindi yamepangwa hadi karibu na dari, viazi vimo uvunguni mwa kitanda, na kuku wanaingia na kutoka sebuleni. Pamoja na hayo, mtoto wa miaka miwili na nusu anavaa gauni la mtoto wa mwaka mmoja na linamtosha bila kukunjwa.

Mtendaji wa kijiji amependekeza tuweke faini ya shilingi 5,000 kwa kila mama asiyehudhuria, na kwa kweli nimeona ni wazo zuri, hata majina tumeshaanza kuyaandika. Naomba ushauri wenu: je, faini itatosha kuwarudisha, au kuna njia nyingine ya kuongezea?

Baba Tatu

Dada, pole kwa kazi. Nadhani unawatafuta watu wasiohusika, kwa sababu mwenye ufunguo wa ghala ni baba, na siku zote mafunzo haya wanaitwa akina mama peke yao. Nitakupa mfano wangu mwenyewe bila kuona haya. Nilikuwa nafuga kuku wa kienyeji, na kila Jumamosi nilikuwa nakusanya mayai yote napeleka mnadani, kisha narudi na soda mbili na biskuti za watoto, nikijiona baba mwema kupindukia. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta mke wangu amelificha yai moja ndani ya sufuria la ugali, analichemsha kwa siri ili ampe mdogo wetu. Aliponiona aliruka kama mwizi. Sijawahi kuambiwa neno lolote la lishe lililoniingia kama kule kuruka kwake.

Waite akina baba. Faini haina kazi.

Mwadilifu

Tuseme ukweli hata kama unauma. Mama zetu walitulea bila semina wala utepe, na tulikua. Akina mama wa siku hizi wana muda wa kukaa na simu lakini hawana muda wa kuchambua mboga. Mtoto analia, anapewa kipande cha andazi na chai ya rangi, mambo yameisha. Ninaunga mkono faini, na ikiwezekana iwe 10,000.

Mama Pacha

Ndugu Mwadilifu, mama zetu walitulea na wengi walituzika pia, ila waliozikwa hawana simu za kuja kukujibu hapa.

Mleta mada, umeitisha mkutano mwezi Februari. Huku nyanda za juu Februari ni palizi. Mimi nimelea mapacha katika mkoa wa jirani, kwa hiyo ninajua ninachokisema. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na jembe begani, nimeshajaza uji kwenye chupa ya chai, na mlezi wa hao mapacha alikuwa dada yao wa miaka saba. Uji ule nilikuwa naupika mwepesi makusudi, kwa sababu ukiwa mzito haupiti kwenye mdomo wa chupa. Mpaka narudi saa tisa alasiri, watoto walikuwa wamekula mara moja tu, na uliobaki ulikuwa umejitenga, maji juu na unga chini. Usiniambie kwamba sikujua makundi ya chakula. Niliyajua yote, na nikiulizwa nilikuwa nayataja kwa wimbo.

Kabla ya kuandika majina, uliza kwanza nani anabaki na mtoto mama akiwa shambani.

Chumvi Kidogo

Mimi sina mtoto, sina mke, na kijiji chenyewe sikijui, lakini kama siku hiyo ya lishe kuna maharage yaliyoungwa kwa karanga, nitahudhuria bila faini yoyote na utepe mnizungushie.

Mkulima Mstahiki

Wanangu, hamjambo. Nimecheka kidogo na huyo kijana wa chumvi, lakini suala hili ni zito na sisi wazee tumelipitia.

Njombe hamkuwa na mkoa wenu wakati huo. Mlikuwa ndani ya Iringa. Mwaka 1983 ulianza mpango mkubwa wa lishe mkoani Iringa, ukiungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia, na ulianzia katika vijiji 168. Mimi nilikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri, kwa hiyo nikapewa daftari. Mizani tulikuwa tunaitundika kwenye tawi, mtoto anavalishwa kaptura ya turubai yenye mikanda, analia huku ananing'inia, na mimi naandika. Kadi ilikuwa na kijani, kijivu na nyekundu. Mtoto akiangukia kwenye nyekundu, hatukumwita mama yake mbele za watu. Serikali ya kijiji ilikuwa inakaa jioni na kuuliza: nyumba ile kuna nini? Mara nyingine jibu lilikuwa malaria, mara nyingine baba anakunywa ulanzi tangu asubuhi, na mara nyingi jibu lilikuwa hilo la Mama Pacha, kwamba mtoto anashinda na mtoto mwenzake. Ndiyo maana vijiji vingi viliweka mahali pa kuwalisha watoto mchana wazazi wakiwa shambani, na wekundu walipungua kweli. Tuliona kwa macho.

Sasa nikuulize, mwanangu. Watu 46 hawageuki kuwa 9 kwa sababu ya palizi peke yake, maana palizi ilikuwapo na mwaka juzi. Ni nini kilitokea Novemba?

Mhudumu wa Kilimani

Shikamoo, Mzee. Nashukuru sana kwa historia hiyo, sikuijua. Novemba hakukutokea jambo lolote la maana. Tulipima, tulipika uji, tukagawana, watu wakaondoka. Labda kulikuwa na maneno maneno ya kawaida ya kijijini, na wapo watu wasiopenda kuona mwenzao anapiga hatua. Naomba turudi kwenye suala la faini.

Mkulima Mstahiki

Marahaba. Anapiga hatua ya kwenda wapi?

Mstaafu wa Lishe

Nimefanya kazi ya uofisa lishe kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na swali la Mzee ndilo ningeliuliza mimi. Lakini kwanza nirekebishe jambo moja, kwa sababu wasomaji wengine wanaweza kulibeba vibaya. Ule utepe unaonyesha ukondefu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, anahitaji kufuatiliwa. Udumavu hauonekani kwenye utepe. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mkono mnene wa kijani na mashavu yaliyojaa, na njia pekee ya kumgundua ni kumlaza kwenye ubao, au kumsimamisha akishafika miaka miwili, kupima urefu na kuulinganisha na umri wake. Huyo wa gauni uliyemtaja, utepe ungemwambia mama yake kwamba mambo ni shwari.

Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania, lakini Njombe ni asilimia 50 na Iringa 57, mikoa ileile inayolisha miji. Kwa hiyo hujakosea kusema kwamba tatizo si uhaba wa mahindi.

Sasa nijibu kwa uwazi. Uji mliopika Novemba ulikuwa wa unga gani, na unga huo ulitoka wapi?

Msagishaji

Kwa kuwa umetajwa unga, nami nichangie, maana ndiyo kazi yangu. Watu wengi wanalalamikia uji wa mtoto kuwa na chenga kumbe tatizo ni chekecheke. Ukiweka chekecheke ya matundu ya dona ukategemea upate unga laini wa mtoto, unajidanganya. Jambo la pili, usisage karanga pamoja na nafaka kwenye mashine ya vinu vya chuma, kwa sababu mafuta yanagandisha unga na mashine inapata moto. Mteja wangu mmoja alinisagisha debe zima la mchanganyiko wenye karanga, nikashinda siku mbili nakwangua. Mwenye swali la mashine aniulize.

Mhudumu wa Kilimani

Nitajibu, ingawa naona mnanihoji kama mtuhumiwa.

Unga ulikuwa wetu. Sisi ni kikundi cha wanawake kumi, na mwaka jana tulianza kutengeneza unga wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, vyote vinasagwa pamoja. Mwezi Novemba, baada ya kupika, niliweka pakiti 30 mezani na kuwaeleza akina mama faida zake. Bei ni shilingi 4,500 kwa kilo. Sikumlazimisha mtu. Niliwashauri tu wale ambao watoto wao walisoma njano kwamba ingefaa wabebe angalau pakiti moja, na kwa kuwa majina yao tayari nilikuwa nayo kwenye daftari, niliandika pembeni nani amechukua na nani atalipa baadaye.

Sioni kosa liko wapi. Madukani mjini kuna unga kama huu na unauzwa ghali zaidi. Naijua lishe, nawajua watoto wa kijiji hiki mmoja mmoja, na kama unga utauzwa na mfanyabiashara asiyejua hata maana ya siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba hadi mtoto afike miaka miwili, mtasema afadhali? Posho yangu mnaijua ilivyo. Mashine tumeshainunua kwa mkopo, na rejesho ni kila tarehe 28.

Baba Tatu

Dada, daftari la njano ndilo hilohilo la madeni?

Chumvi Kidogo

Na daftari la faini ni la tatu, au zote zinaishi kwenye daftari moja?

Mama Pacha

Nimesikitika, nisikufiche. Mimi mwanangu mmoja aliwahi kusoma njano, na ninakumbuka nilivyotembea kurudi nyumbani nikihisi kila mtu barabarani ameiona rangi ile. Kama siku hiyo yule aliyempima angeniuzia kitu, ningenunua hata kama ni majivu, ningekopa ili ninunue, na nisingerudi kwake tena maisha yangu yote.

Mpenda Ukweli

Samahanini, lakini nimesoma uzi huu tangu mwanzo na sina imani nao. Akaunti ya mleta mada ina siku sita. Katika ujumbe wa kwanza hakuna fedha hata ya chumvi, katika ujumbe wa tatu kuna mashine. Anasema Februari nyumba zina magunia ya mahindi hadi darini, wakati kila mtu anayejua kilimo anajua kwamba Februari mahindi yako shambani, ya mwaka jana yamekwisha, na watu wanahesabu siku mpaka mavuno. Sasa tumeshatajiwa viungo saba vya unga na bei ya kilo. Kesho tutawekewa namba ya simu ya kuagizia. Hili ni tangazo la biashara lililovalishwa kilemba cha ushauri, na ninyi mnalipigia debe bila malipo.

Mwadilifu

Nami nilishahisi tangu mwanzo.

Chumvi Kidogo

Wewe tangu mwanzo ulikuwa unataka faini ya elfu kumi.

Mkulima Mstahiki

Mwanangu Mpenda Ukweli, tahadhari ni njema, lakini kwenye mahindi umeteleza. Huenda unaongelea Dodoma. Huku kwetu mahindi yanavunwa kuanzia Juni na baridi inayatunza, na mwenye nafasi hauzi wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Anayafungia hadi Januari, Februari, Machi, bei inapopanda na malori yanapojaa Makambako. Magunia aliyoyaona dada huyu ni ya kweli. Yamo ndani ya nyumba lakini si chakula, ni fedha za ada na mbolea zinazosubiri bei, na wenye nyumba wanakula viazi asubuhi, mchana na jioni huku wamelalia mahindi.

Mhudumu wa Kilimani

Ahsante, Mzee. Namba ya simu siweki na sikuja kuuza. Ningetaka kuuza, nisingeeleza kwamba watu wamenikimbia.

Kwa kuwa nimeshaitwa mwongo, nimalizie na jambo ambalo sikutaka kuliandika. Mwezi Februari, wale tisa wakiwa wamekaa, alikuja mama mmoja ambaye mtoto wake alisoma njano Novemba. Hakusalimia. Alitoa pakiti ndani ya kanga, akaiweka mezani karibu na mizani, akaifungua na kuinamisha mdomo wa mfuko kuelekea kwangu. Ilikuwa imetumika nusu. Harufu ilitoka kama mafuta ya taa ya koroboi iliyofungiwa, na unga ulikuwa umeshikana vidonge vidogo vidogo upande wa chini. Akasema, "Mwanangu anatema. Mimi nilionja, ni mchungu. Deni langu ulifute." Kisha akakaa na wenzake, akampima mtoto, akaondoka.

Mtoto hakuugua, namshukuru Mungu. Ninaamini aliuhifadhi vibaya, pengine karibu na moshi. Pakiti nyingine hazikuwa na malalamiko.

Mstaafu wa Lishe

Sasa tumefika. Mama yule hakuuhifadhi vibaya, au hata kama aliuhifadhi vibaya, unga wenu ungeharibika tu. Karanga ikishasagwa, mafuta yake yanakutana na hewa na kuanza kuharibika ndani ya wiki chache, na kwa kuwa imechanganywa na nafaka, inaharibu mfuko mzima. Ule uchungu ndio huo. Vile vidonge vya chini vinanitia hofu zaidi, kwa sababu vinaonyesha unyevu, na penye unyevu na karanga au mahindi pana ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu: watu 68 waliugua, 20 wakafariki, na kilichowadhuru kilikuwa mahindi ya nyumbani kwao. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha uji, na kwa kiasi kidogo cha kila siku haimwangushi mtoto papo hapo, kwa hiyo "mtoto hakuugua" si ushahidi.

Kuhusu hivyo viungo saba, tumekuwa tukiwaambia watu kwa miaka mingi na hawatuelewi, pengine kwa sababu neno "lishe" kwenye pakiti lina sauti kubwa kuliko yetu. Mchele, ngano, mahindi na mtama vyote ni nafaka. Kuvirundika pamoja ni kumpa mtoto kitu kilekile mara nne. Soya isiyopitishwa kwenye moto kabla ya kusagwa ina kizuizi kinachozuia mwili usimeng'enye protini, kwa hiyo anayeiongeza ikiwa mbichi anapunguza alichokusudia kuongeza. Chukua nafaka moja, iwe ulezi au dona. Karanga chagua moja moja, tupa iliyosinyaa na yenye rangi, kaanga, twanga kiasi cha siku chache tu, na uiweke wakati wa kupika. Yai, maziwa au dagaa wa Nyasa waliotwangwa viingie wakati wa kupika siku hiyohiyo, kila kimoja kwa zamu yake.

Na uji si lazima. Mtoto wa miezi saba anaweza kula kiazi kilichopondwa na parachichi na maharage yaliyotolewa maganda, mara mbili hadi tatu kwa siku na maziwa ya mama juu yake. Kinachotakiwa ni kwamba chakula kisitiririke kwenye kijiko. Kama uji lazima, mfundishe Mama Pacha na wenzake kimea: ulezi unaoteshwa, unaanikwa ukauke barabara, unasagwa. Pika uji mzito kama ugali mlaini, ukiwa umepoa kidogo tia kijiko cha kimea, koroga, utauona unalegea wenyewe bila kuongezwa tone la maji. Tumbo la mtoto lina ukubwa wa ngumi yake. Halina nafasi ya maji.

Mama Pacha

Kwa hiyo ungepita kwenye mdomo wa chupa ya chai ukiwa na unga uleule wote. Miaka kumi na moja imepita ndipo naambiwa.

Mwana wa Makueni

Nawasalimu kutoka Kenya. Nimeona sumukuvu imetajwa. Kwetu mwaka 2004, Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Nilikuwa darasa la sita. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilifungwa na haikufunguliwa tena. Mahindi yenyewe ukiyatazama yalikuwa mahindi tu. Dada, huo unga usiutetee.

Mpenda Ukweli

Nakubali kwenye mahindi nimekosea na ninamwomba radhi mleta mada. Lakini nibaki na swali moja: unga huo ulikuwa na alama ya Shirika la Viwango?

Mhudumu wa Kilimani

Haukuwa nayo. Tulipanga kwenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, kupata mafunzo kwanza, kisha tuombe alama, lakini mkopo ulitoka kabla ya mafunzo na mashine ikafika kabla ya kila kitu. Wakopeshaji wenyewe ni hawa wa kausha damu, hawasubiri. Nisingeuza Novemba, tarehe 28 ingetukuta mikono mitupu, na wenzangu tisa waliweka hisa zao kwa kuniamini mimi, kwa sababu mimi ndiye mhudumu.

Soya tuliikaanga, hilo naomba lijulikane. Karanga tulizichagua pia, ila gunia la mwisho tulilichagua usiku kwa tochi ya simu.

Msagishaji

Mashine ni ya umeme au ya dizeli? Nauliza kwa nia njema. Kama ni ya umeme na ina vinu vya chuma, acheni unga wa lishe, sagieni watu dona kwa debe. Kijiji kizima kinasaga, na hakuna atakayeuliza kama mtoto wake ni wa njano. Nilianza hivyohivyo, mkopo nikaumaliza kwa mwaka na miezi miwili. Chekecheke nunueni mbili.

Baba Tatu

Huyu ndiye mtu wa kwanza kujibu swali ambalo halikuulizwa na akawa amejibu swali lenyewe.

Mkulima Mstahiki

Na ile faini, mwanangu, iache. Kwanza mtendaji hana uwezo wa kuitunga mezani kwake: sheria ndogo ya kijiji inapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Pili, fikiria mkutano huo mkuu utakavyokuwa siku yule mama atakaposimama na pakiti yake.

Mhudumu wa Kilimani

Narudi baada ya siku nne. Nimeongea na kikundi. Watano, mimi nikiwemo, tumekubali tusage dona, watatu wanasema nimewauza, na wawili hawapokei simu. Mashine ni ya umeme, ndugu Msagishaji, na vinu ni vya chuma. Jumamosi tumesaga madebe 11.

Daftari nimelitenganisha. La vipimo nimeliacha zahanati kwa muuguzi, na madeni ya unga yote nimeyafuta, ingawa nimelala na njaa ya moyo siku mbili, maana ni shilingi 94,500.

Nilikwenda pia kwa yule mama. Nilikuta anaponda viazi kwenye bakuli la plastiki kwa kitako cha kikombe, mtoto amekaa juu ya mfuko wa mbolea anasubiri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema lakini aliniwahi, akaniuliza kama ni kweli kwamba zahanati ina ubao wa kupima urefu, kwa sababu amesikia utepe hauonyeshi yote. Sijui amesikia wapi. Nilimwambia upo. Akasema atakuja ikiwa siku hiyo hakutakuwa na meza.

Sikuelewa mara moja kwamba anamaanisha meza ya unga.

Suala la faini bado liko kwa mtendaji. Nimemwambia asubiri, sijamwambia aache, kwa sababu sina hakika kama watarudi wenyewe. Mnisamehe kwa hilo. Nina swali la mwisho: pakiti zilizobaki ni kilo 38. Siwezi kuziuza tena, lakini kutupa chakula kunanishinda. Je, nikiwapa kuku?

Mstaafu wa Lishe

Usiwape kuku. Sumukuvu inawadhuru kuku kama inavyotudhuru sisi, na ukiwalisha mfululizo inaweza kufika hadi kwenye mayai, yale yale tunayomwomba Baba Tatu asiyapeleke mnadani. Chimba shimo mbali na kisima, mwaga unga bila mifuko, fukia. Mifuko ichome peke yake ili asije mtu akaiokota.

Baba Tatu

Siku hizi napeleka nusu.

Mhudumu wa Kilimani

Nimeelewa, Mstaafu. Nitachimba kesho asubuhi kabla watu hawajaenda shambani.

Mama Pacha

Chimba saa nne, wakiwa wanapita.